Ndege Inaruka Embakasi, Safari Inaanzia Thika

Jumapili moja jioni jirani yetu hapa Ruiru, mama ambaye mtaa mzima unamwita shosho, alikuja kwetu na tiketi imekunjwa ndani ya Biblia. Anakwenda Marekani kumwona mjukuu wake wa kwanza, na hajawahi kupanda ndege. Hakuuliza habari za mizigo wala za baridi. Aliuliza hivi: "Mwanangu, nitakaa njiani muda gani hasa?"

Mwanawe alikuwa amemwambia saa 15. Tiketi, ukiisoma juu juu, ilionyesha saa saba. Kijana wa teksi naye alimwambia ajitayarishe kwa siku nzima.

Hakuna aliyemdanganya. Mwana alihesabu muda wa angani, tiketi ikahesabu kwa saa za miji miwili tofauti, na dereva akahesabu kuanzia langoni kwa shosho. Mimi niko upande wa dereva. Haya ndiyo tuliyoyapitia mezani usiku ule, na ninayaandika kwa ajili ya wengine wa Thika, Juja na Ruiru wanaojiandaa kwa safari ya mbali, na kwa wale wanaowasindikiza.

1. Anza na umbali, ugawanye mwenyewe

Ndege kubwa za masafa marefu hukata karibu kilomita 900 kwa saa zikishatulia juu. Lakini kuna muda wa kupanda, wa kushuka na wa kujivuta pale chini uwanjani. Kwa hiyo chukua umbali, ugawanye kwa 850, kisha ongeza dakika 40. Jibu litakaribiana sana na muda ulio kwenye tiketi.

Tujaribu. Kutoka Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,560, na hesabu inaleta karibu saa tano, ambazo ndizo wasafiri huzitumia. London, uwanja wa Heathrow, ni kama kilomita 6,840: saa nane na dakika arobaini na kitu. Amsterdam ni kilomita 6,680 hivi, pungufu kidogo tu ya London. New York ni kilomita 11,840, na hapo unapata saa 14 na nusu na ushei. Kenya Airways, iliyoanza kuruka moja kwa moja kwenda huko tarehe 28 Oktoba 2018, huhesabu kama saa 15 za kwenda. Hiyo tofauti ndogo nitaifikia kwenye kidokezo cha tano.

Usitumie hesabu hii kwa safari fupi. Mombasa ni kilomita 425 tu kwa ndege, na sehemu kubwa ya safari hiyo ndege inapanda au inashuka. Unapoanza kunywa soda yako, tayari masikio yanaanza kuziba.

2. Vuta uzi juu ya mpira

Hili ndilo lililomfurahisha shosho kuliko yote. Ramani ya ukutani imelazwa bapa, na dunia si bapa. Ukipiga rula kutoka Nairobi hadi New York kwenye ramani ya aina hiyo, mstari utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania kabla ya kuingia baharini. Sasa chukua tufe la shule, au hata mpira wa watoto uliochora mabara kwa kalamu, na uvute uzi uukaze kati ya miji hiyo miwili. Uzi utakimbilia kaskazini: utapita Uganda, Sudan Kusini, ukingo wa Darfur, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ndipo uivuke Atlantiki. Njia hiyo inaonekana imepinda kwenye ramani, lakini ni fupi kwa kilomita mia kadhaa.

Kwa hiyo ukikiona kiramani cha mbele ya kiti kikionyesha ndege inapiga kona, tulia. Rubani hajapotea. Wakati mwingine huizunguka dhoruba, wakati mwingine vita. Tangu mapigano yalipozuka Sudan mnamo Aprili 2023, ndege nyingi za Afrika Mashariki na Ulaya zimekuwa zikilikwepa anga la nchi hiyo, na kila kilomita ya kuzunguka hulipwa kwa dakika na kwa mafuta. Ndiyo maana umbali wa kwenye vitabu na umbali ambao ndege yako imeruka usiku huo huwa haulingani kabisa.

3. Itamke saa ya tiketi kwa Kiswahili, kwa sauti

Hapa naomba usisome haraka.

Tiketi huandikwa kwa saa 24, na siku yake huanza saa sita usiku. Sisi siku yetu tunaianza kukicha. Kubadilisha namba si kazi: kuanzia asubuhi hadi jioni ondoa sita, usiku ukishaingia ondoa kumi na nane, na baada ya usiku wa manane ongeza sita. Basi 23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku, na 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Watoto wa shule wanaijua hesabu hii.

Hatari iko kwenye tarehe. Shangazi yangu wa Section 9, Thika, alikuwa na tiketi ya Jumanne, 00:40. Jumanne kutwa alifunga mizigo. Jioni akaoga, akavaa gauni alilolishonesha kwa ajili ya safari, ndugu wakaja, tukafika uwanjani saa tatu usiku tukiwa na furaha ya watu waliowahi. Ndege yake ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia. Ilikuwa imeshafika, imeshashusha watu, na pengine iko njiani kurudi. Nakumbuka alivyokaa juu ya sanduku lake bila kusema neno, na gauni lile jipya. Tiketi nyingine ilikula akiba ya miezi.

Kwa mfano, dakika arobaini baada ya saa sita usiku, tarehe 12, ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatoka nyumbani tarehe 11, jua likiwa bado liko juu. Wenzetu wa pwani wamezoea tangu zamani kuuhesabu usiku kuwa umeitangulia siku yake: usiku wa Jumanne kwao ni ule unaokuja kabla ya Jumanne mchana. Sisi wa bara tunaufunga usiku kwenye mkia wa siku, na mkia huo ndio uliomkosesha shangazi ndege.

Dawa yake ni hii. Usiandike kwenye kalenda siku ya ndege. Andika siku na saa ya kutoka nyumbani, kwa maneno: "Jumatatu, saa kumi na moja jioni, tunatoka." Kisha mpe mtu mwingine aisome tiketi bila kumwambia wewe umeelewa nini. Mkitofautiana, mpigie simu wakala siku hiyo hiyo.

4. Hamisha saa zote zije Nairobi

Zile saa saba za tiketi ya shosho zinatoka hapa. Inasema kuondoka 23:25, kufika 06:25. Lakini ile ya kufika ni saa ya New York, na New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, saa saba wakati wa joto. Yeye anasafiri Januari. Kwa hiyo ongeza nane: akitua, hapa Ruiru itakuwa saa nane na dakika 25 mchana. Kutoka saa tano na dakika 25 usiku hadi saa nane na dakika 25 mchana ni saa 15 kamili. Saa zilizokuwa zimepotea zimerudi.

Kenya haibadilishi saa mwaka mzima. Tuko saa tatu mbele ya Greenwich, basi. Wao ndio wanaohama. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza na Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. London basi iko nyuma yetu saa tatu au mbili kutegemea majira. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Doha saa zake ni zetu kabisa, na hilo ni faraja ndogo kwa anayeunganisha ndege huko: saa ya mkononi haiguswi.

5. Kwenda si sawa na kurudi

Juu sana, kwenye njia za ndege za kaskazini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa nguvu nyingi. Ukienda Marekani unakupinga kifuani; ukirudi unakusukuma mgongoni. Ndiyo sababu kurudi huchukua karibu saa moja pungufu, na ndiyo ile nusu saa iliyozidi kwenye hesabu yetu ya 850. Upepo huo huwa mkali zaidi wakati wa baridi yao.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui kuhusu uwanja wetu. Nairobi iko juu, mita 1,600 na ushei kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 ni nzito mno, na inataka hewa iliyoshiba chini ya mabawa ili inyanyuke. Baridi ya usiku wa Embakasi humpa rubani hewa hiyo. Kwa hiyo ukiona safari ndefu imewekwa usiku, ujue haikuwekwa ili kukusumbua usingizi.

6. Kilomita za barabara zina saa zake

Sasa tumefika kwetu.

Kutoka Thika mjini hadi uwanjani kupitia Eastern Bypass ni kilomita hamsini na kitu. Kutoka Ruiru ni thelathini na kitu. Kwa hesabu ya ndege, hata ya Thika ni dakika nne. Kwa hesabu yetu inategemea siku, mvua, mwisho wa mwezi, na kama kuna lori limelala kifudifudi mahali fulani kati ya Kamakis na makutano ya Kangundo Road. Saa kumi alfajiri unaweza kufika kwa chini ya saa moja. Ijumaa jioni ya mvua, nimeona saa tatu zikipita. Kigali iko kilomita 760 kutoka Nairobi na ndege hufika kwa kama saa moja na nusu. Mtu aliyeruka wakati wewe unatoka Makongeni ya Thika anaweza kuwa anachukua mizigo yake Rwanda huku wewe unatazama taa nyekundu za magari pale Utawala.

Barabara zimeboreka, hilo lazima lisemwe. Wanaokumbuka Thika Road kabla ya 2012, ilipofunguliwa ikiwa imepanuliwa, wanajua mtu alikuwa akitoka na chakula cha njiani kwa safari ya kwenda mjini. Eastern Bypass nayo imepanuliwa. Lakini Ruiru, Juja na Thika zimejaa watu kwa kasi ile ile, na kila lami mpya inajaa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Eastern Bypass: Ruiru, Kamakis, Kangundo Road, Utawala, Embakasi. Ndiyo fupi na ndiyo ninayoipendelea, isipokuwa jioni za Jumamosi na Jumapili, watu wanapomiminika Kamakis kula nyama choma na magari yanapoingia na kutoka kila upande. Ya pili ni kushuka na Thika Road kupita Githurai, Roysambu na Pangani hadi Museum Hill, upande Nairobi Expressway iliyofunguliwa 2022, ulipe, ushukie uwanjani. Ni ndefu zaidi kwa kilomita, lakini ukishaingia juu kule mwendo unajulikana. Ugumu uko kabla ya kuingia: Githurai na Pangani hazina huruma saa za kutoka kazini, ingawa wewe unakwenda mjini wakati wengi wanatoka, na hilo husaidia. Bodaboda haziruhusiwi kwenye Expressway, kwa hiyo usitegemee kuokolewa na pikipiki.

Matatu? Za 237 kutoka Thika na 145 kutoka Ruiru zinakupeleka katikati ya mji, si uwanjani. Utahitaji kutembea na sanduku hadi kwenye steji ya 34 na kupanda tena. Kijana mwenye begi moja na mchana mzima mbele yake anaweza. Mama mwenye masanduku mawili ya kilo 23, hapana. Afadhali mchange teksi na jirani anayesafiri usiku huo huo. Ulizia kanisani au kwenye kundi la simu la mtaa, mara nyingi yupo.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Ndege saa tano na dakika 25 usiku. Uwe ndani ya jengo saa tatu kabla, yaani saa mbili na dakika 25, kwa sababu kaunta nyingi za safari za kimataifa hufungwa saa moja kabla ya kuruka na foleni haikujui. Ondoa nusu saa ya ukaguzi wa langoni. Ondoa saa mbili za barabara. Unabaki na saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Kwa Thika, mimi naandika saa kumi na moja unusu. Ikiwa ni Ijumaa, au mawingu yamekaa vibaya upande wa Ol Donyo Sabuk, saa kumi na nusu. Gari litiwe mafuta jana yake.

Mkiwa njiani jioni mtapishana na malori meupe yenye majokofu, yanatoka mashamba ya maua ya Thika na Juja. Waridi lililokatwa leo linatakiwa liende Uholanzi, sokoni Aalsmeer, karibu na uwanja wa Amsterdam, kabla halijachoka. Madereva wale wanaijua Eastern Bypass kuliko mtu yeyote. Niliwahi kumuuliza mmoja anapangaje saa zake. Akasema huhesabu mvua hata kama hainyeshi.

7. Maombi yafanyike nyumbani

Kusindikiza ni heshima, na sitaki mila hiyo ife. Matatu nzima ya ndugu, wimbo, chozi, mawaidha ya mzee, picha na kila mjomba. Lakini niliona mara nyingi sala ya mwisho ikianzia kwenye maegesho msafiri akiwa amebakiwa na dakika za kuhesabu, na hakuna mwenye ujasiri wa kumkatiza mzee aliyefumba macho. Fanyeni ibada sebuleni, adhuhuri, mle pamoja, mzee aseme yote aliyo nayo bila kutazama saa. Uwanjani pawe pa kukumbatiana tu.

8. Ndege za kuunganisha: pima pengo, pima na njia

Kuunganisha mara nyingi ni nafuu kwa bei, lakini kuna kilomita unazozilipia kwa mwili. Nairobi hadi New York kupitia Dubai ni kama kilomita 14,580 zote pamoja: 2,700 na zaidi juu ya njia ya moja kwa moja. Ongeza saa za kungoja katikati. Kwa kijana ni sawa. Kwa mtu wa miaka sabini, mimi ningelipa zaidi apande mara moja ashuke mara moja, kama mfuko unaruhusu.

Wanaokwenda Minnesota, Texas au Massachusetts, ambako watu wetu wengi wako, hawana budi kuunganisha mahali. Jambo la kukumbuka ni kwamba Marekani humkagua mgeni kwenye uwanja wa kwanza anapotua, na pale pale huchukua masanduku yake na kuyapitisha forodhani, hata kama anaendelea mji mwingine. Pengo la saa moja na nusu hapo ni dogo mno. Tafuta saa tatu au zaidi.

Tena hakikisha safari yote iko kwenye tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa na tiketi ni moja, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili ulizonunua mbalimbali, mzigo ni wako. Na uliza mapema kama nchi ya kupitia inataka viza ya kupita.

Shosho alipolalamika kwamba saa 15 ni nyingi, nilimkumbusha Septemba 1959, wanafunzi 81 waliposafirishwa kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya. Ndege za enzi zile zilikuwa zinatua njiani kujaza mafuta, na wale vijana waliondoka bila kujua watawaona lini wazazi wao tena. Yeye alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alisema anakumbuka watu wakizungumza juu ya ndege hiyo.

9. Soma herufi tatu

NBO ni Jomo Kenyatta, ambao wazee bado wanauita Embakasi kwa sababu ulifunguliwa 1958 kwa jina hilo na ukapewa jina la sasa 1978. WIL ni Wilson, upande wa Lang'ata, ambako ndege nyingi ndogo za Maasai Mara na Lamu huondokea. Kutoka Thika, kukosea kati ya hiyo miwili kunakugharimu ndege. Vivyo hivyo New York ina JFK na LaGuardia, na ng'ambo ya mto iko Newark. London ina Heathrow, Gatwick na vingine. Anayekuja kukupokea aambiwe herufi, asiambiwe jina la mji peke yake.

10. Dawa hufuata saa ya Nairobi hadi utue

Shosho ana presha na sukari. Safari hii inaruka juu ya saa nane za dunia, na mwili haujui. Saa yake ya mkononi tuliiacha ikisoma saa ya Kenya hadi atue, ili vidonge vya kila baada ya saa 12 viendelee kuwa vya saa 12. Anayetumia insulini aende kwa daktari wiki mbili kabla, aeleze safari ni ya saa ngapi na kuelekea wapi, apewe ratiba ya maandishi. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Sanduku linaweza kuchelewa siku mbili, presha haingoji.

Halafu kuna miguu. Kukaa muda mrefu bila kusogea kunaweza kugandisha damu miguuni, na donge hilo likisafiri hadi mapafuni ni hatari ya kweli. Kila saa mbili anyanyuke, atembee hadi nyuma ya ndege na kurudi. Akiwa kwenye kiti, apinde na kunyoosha vifundo vya miguu. Maji anywe hata kama hasikii kiu, kwa kuwa hewa ya ndani ni kavu. Mwombeeni kiti cha kando ya njia, asiwe anaona haya kuwaamsha watu.

11. Usimpangie kitu wiki ya kwanza

Mwili huhitaji karibu siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Saa nane ni kama wiki. Ataamka usiku wa manane akitaka chai, na saa kumi jioni atalala kwenye kochi mtoto akiwa mapajani. Mwacheni. Mwanga wa jua husaidia kuliko dawa yoyote ninayoijua. Akirudi Ruiru itakuwa ngumu zaidi, kwa maana kuelekea mashariki ndiko kunakousumbua mwili, kwa hiyo sherehe ya kumpokea isiwe siku hiyo hiyo.

12. Kwa anayebaki nyumbani

Weka programu ya kufuatilia ndege, kama Flightradar24, andika namba ya safari, na utaiona kama kidoa cha njano kikitambaa juu ya Sahara. Ikifika katikati ya bahari kidoa kinaweza kupotea kwa muda, kwani huko vituo vya kupokea mawimbi ni vichache. Usianze kuwapigia watu simu. Na ndege kutua si mama kutoka: kuna foleni ya uhamiaji, masanduku, forodha. Mpe saa moja na nusu, hata mbili.

Tulipomaliza, shosho alitaka jibu lake. Nikajumlisha mbele yake: kutoka langoni kwake hadi ndege kunyanyuka, saa tano na nusu. Angani, 15. Uhamiaji na mizigo, moja na nusu. Gari la mwanawe hadi nyumbani, moja. Akaandika 23 kwa penseli juu ya tiketi, akapiga mstari chini yake, akaikunja tena ndani ya Biblia. Kisha akauliza kama mjukuu atakuwa macho saa hiyo. Tukahesabu. Itakuwa saa tatu asubuhi kwao.